Tawi la Mwaka Jana

"Unang'oa nini tena huko?" Mama Mapacha aliuliza kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Nyasi."

"Nyasi zipi?"

"Hizi hizi zangu."

Mkasi hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja mdogo wa mbele ya nyumba, jembe fupi mkononi, akiziinua nyasi na mizizi yake na kuzitupa kwenye toroli. Na si nyasi za hivi hivi, jamani. Zilikuwa nyasi ambazo mtaa mzima ulizijua. Watu walipita na wageni wao wakawaonyesha: tazameni, utadhani kinyozi huja hapa kila asubuhi. Uzio wake wa michongoma ulinyooka hata ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Jina lenyewe la Mkasi alilipata kazini, kwenye bustani za hospitali alikotumikia miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alikuja nalo nyumbani pamoja na toroli.

Sasa mtu huyo huyo, nywele nyeupe na magoti yanayolia kila akiinuka, alikuwa akiziharibu nyasi zake kwa mikono yake mwenyewe ili apande magugu.

Ndiyo, magugu, tusipambe maneno. Pale ukutani alikuwa amepanga makopo saba ya mbegu alizookota mwenyewe, kando ya reli, kwenye mifereji, pembezoni mwa mashamba ya watu. Kulikuwa na yale maua ya njano madogo kama vifungo vya shati. Kulikuwa na ya zambarau yanayong'ang'ania kwenye mawe, na meupe yanayofunguka asubuhi tu, saa nne yameshafunga duka. Kulikuwa na mbaazi mwitu, yenye tabia ya kumpanda yeyote aliyesimama karibu nayo. Vyote hivyo kazi yake ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa kuving'oa kabla mganga mkuu hajapita.

"Baba Mapacha, jua limekupiga?"

"Halijanipiga."

"Nauliza tu. Maana daktari alisema mgonjwa ni mimi."

Alicheka, na mkewe akacheka, halafu kicheko cha mama kikaishia kwenye kikohozi na mkono kifuani. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu atoke kulazwa. Moyo umechoka, daktari alisema. Asibebe ndoo, asipande ngazi, na zaidi ya yote, asiudhiwe. Alilisema hilo la mwisho huku akimtazama Mkasi usoni, kama vile ameshaambiwa kitu.

Mama Mapacha alipopata pumzi alinyoosha kidole kwenye pembe ya ukuta, ambako kijiti chenye majani manne kilikuwa kimesimama ndani ya kopo, kimefunikwa gunia bichi. "Na kile je?"

"Waridi."

"Waridi gani?"

Mkasi aliangalia jembe lake. "La kutambaa."

"Aa," mama alisema. Akashika mikono ya kiti, akainuka polepole, akaingia ndani. Siku hiyo hakutoka tena.

Hapo lazima nirudi nyuma, maana bila hivyo mtamwona mama wa watu ana kiburi, na hana.

Alipoolewa, Mama Mapacha alikuja na vitu viwili vyake mwenyewe: cherehani, na kipande cha tawi la waridi kilichofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Waridi hilo lilikuwa la nyumbani kwao. Lilifunika choo cha uani chote, paa na kuta, hata wageni wakawa wanaulizia choo huku wamesimama mbele yake. Alilipanda kwenye uzio wa nyumba ya mama mkwe, walikokuwa wakiishi wakati huo, na likashika. Lilirefuka, likatupa matawi marefu huku na huku kama mtoto anayelala vibaya. Mkasi, kijana bado, mwaka wake wa pili kazini, alilitazama akafurahi. Alikuwa ametoka kufundishwa kupogoa. Msimamizi wa bustani aliwapanga mstari, akawaonyesha: waridi hukatwa kila mwaka baridi ikiingia, hesabu macho matatu ya tawi, pale linapochipulia, kutoka chini, kata juu ya la tatu, mteremko kidogo ili maji yasikae. Asiyekata, msimamizi alisema, hampendi waridi.

Basi, Mkasi akapenda. Kila mwaka, wiki ile ile aliyopogoa mawaridi ya hospitali, alirudi nyumbani na mkasi wa kazini mfukoni, akalikata waridi la mkewe macho matatu kutoka chini. Alilikata vizuri, tena kwa mapenzi, na mkewe akimshikia taa ya mkononi jioni zilipoingia mapema. Ya hospitali yalichanua mpaka wagonjwa wakaomba kusogezwa dirishani. La mkewe halikutoa hata ua moja.

Mwaka wa kwanza walisema bado changa. Mwaka wa pili walisema udongo, wakaongeza samadi. Mwaka wa tatu mama mkwe alisema, bila ubaya, kama mtu anayesoma hali ya hewa, "Huyu mkwe wangu hana mkono wa kupanda. Wapo watu hivyo." Na mdogo wake Mkasi, yule dada ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa sababu hazimwi, aliichukua habari hiyo akaisambaza kabla chai haijapoa. Msimu wa kupanda ulipofika, wanawake wote wa nyumba walipewa mbegu viganjani. Mama Mapacha alipewa ndoo ya maji.

Na Mkasi? Mkasi ndiye aliyekuwa fundi pale. Neno lake moja lingetosha. Badala yake, siku moja mbele ya wageni, akitaka kuchekesha, alisema, "Mke wangu mimi akipanda hata jiwe, litanyauka." Watu walicheka wakafuta machozi. Mama Mapacha naye alicheka, akiwa amesimama na birika mkononi. Mzaha ule ulipendeza sana, ukapewa miguu, ukatembea. Miaka mingi baadaye, kwenye arusi ya mtu wasiyemfahamu vizuri, mgeni mmoja alimwambia Mama Mapacha, "Kumbe wewe ndiye wa jiwe!"

Mwaka wa tisa alilichimba waridi lake mwenyewe. Alilichimba asubuhi, mumewe akiwa kazini, akalichoma pamoja na takataka za uani. Mkasi aliporudi akaliona shimo, alisema, "Afadhali, lilikuwa linakula nafasi." Tangu hapo Mama Mapacha hakupanda kitu. Hata vitunguu vilivyochipua vyenyewe kwenye kikapu alimpa jirani amtilie udongoni.

Hayo yangeishia hapo kama Mkasi asingekwenda kununua miche, alipostaafu, kwa Mama Miche. Mwanamke huyo ana kitalu karibu na kituo cha reli, na mdomo wake ni mkali kuliko panga lake. Uzio wake wote ulikuwa umefunikwa na waridi la kutambaa, limechanua mawaridi madogo meupe yenye wekundu katikati, vichane kwa vichane, huoni jani. Mkasi alisimama pale mpaka akasahau miche.

"Unalipogoa mwezi gani?" aliuliza, fundi kwa fundi.

"Nani alipogoe?" Mama Miche alicheka. "Hili huchanua kwenye tawi la mwaka jana, mzee. Tawi jipya halitoi ua. Ukilikata kila mwaka umelikata na maua yake tumboni. Mimi huwaambia wateja, mkitaka kulinyima maua hili, mpeni mwenye mkasi mzuri."

Alisema hivyo tu, akageukia mteja mwingine. Mkasi alirudi nyumbani kwa miguu bila mche wowote. Njiani alihesabu. Miaka tisa, baridi tisa, jioni tisa na taa ya mkononi.

Angesema siku ile ile. Alikusudia. Alifika akamkuta Mama Mapacha anashona, akakaa, akasema, "Leo nimeona jambo." "Jambo gani?" Akasema ameona treni imechelewa. Kesho yake akasema kesho. Aibu ina hila, hujifanya huruma: alijiambia ya nini kumfukulia mwenzake kaburi lililokwisha kuota majani. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu moyo wa mama ukachoka, na daktari akasema asiudhiwe. Mkasi, Mungu amsamehe, moyoni alihisi nafuu, kwa sababu sasa alikuwa na amri ya daktari ya kukaa kimya.

Lakini kule wodini, jioni moja, mama alimwambia muuguzi aliyeleta kikopo cha mche dirishani, "Kisogeze mbali na kitanda changu, mwanangu. Mimi huua." Alisema akitabasamu. Mkasi alikuwa ameshika chupa ya uji, akaiweka chini bila kumimina.

Ndipo alipopanga mpango wake, na ulikuwa mpango wa mwoga. Atamnunulia waridi lile lile kwa Mama Miche. Atang'oa nyasi zake, atapanda pori zima lizunguke waridi, vitu visivyojua mkasi, kama ule uani wa kwao mkewe. Hatakata hata kikonyo. Mwaka wa pili waridi litachanua, na mkewe ataliona, ataelewa mwenyewe. Ua litamsemea. Yeye hatalazimika kufungua mdomo.

Mvua zilinyesha na bustani ikaota, ikaota kwa fujo. Mtaa ulicheka sana. Waliokuwa wakileta wageni sasa walipita wakisema, "Mzee kaishiwa." Mmoja alimuuliza kama anafuga nyoka au anawasubiri waje wenyewe. Redio alikuja, akasimama langoni, akasema, "Kaka, kama ni nguvu za kufyeka huna, si useme tukutafutie mtu?" Mkasi alijibu, "Karibu ndani, dada, usije ukapandwa na mbaazi."

Ilimpa taabu, nisiseme uongo. Mikono yake ilizoea kunyoosha. Ulipoingia msimu wa baridi alizunguka lile waridi asubuhi tatu mfululizo, matawi yametupwa ovyo ukutani, moja limeingia dirishani kabisa linataka kuketi mezani, na vidole vyake vikawa vinafumba na kufumbua. Asubuhi ya nne alichukua mikasi yake yote mitatu, akaifunga kwenye gazeti, akaipeleka kwa Mama Miche amtunzie.

Mama Mapacha alianza kutoka. Kwanza alikaa mlangoni na kiti chake, halafu akakisogeza mpaka kwenye jiwe la ngazi, halafu mpaka katikati ya yale ya njano. Alijua majina ya kwao ya kila kitu. "Hili tulikuwa tunasafishia masufuria," alisema. "Hili bibi alituwekea puani tukipigwa na mafua." Vipepeo walikuja, na nyuki. Rangi ya uso wake ilirudi kidogo. Mkasi akasema ndani ya nafsi yake, naam, dawa inafanya kazi.

Ila hakugusa kitu. Siku moja Mkasi alimpa kopo, akasema kama anayetania, "Hebu nisaidie kumwaga hizi, mgongo unauma."

"Mimi?" mama alisema. "Unataka ziote au hutaki?"

Akamrudishia kopo, akicheka.

Waridi lilichanua siku ya Jumamosi. Ijumaa vilikuwa vichane vya vitumba vya kijani. Asubuhi yake ukuta ulikuwa mweupe, na wekundu katikati ya kila ua, na dirisha la chumbani haliwezi kufunguka bila kuvunja maua ishirini. Mkasi alimtoa mkewe mkono kwa mkono, akamkalisha, akasimama nyuma yake asiuone uso wake. Alisubiri. Moyo ulimdunda hata akaona wa kupelekwa kwa daktari sasa ni yeye.

Mama Mapacha aliangalia kwa muda mrefu sana. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa kanga.

"Ndilo lile," alisema.

"Ndilo lile."

"Lile lile la kwetu kabisa." Alivuta pumzi. "Umeona sasa, Baba Mapacha? Mkono wako wewe ni mkono. Mimi nililihangaikia miaka tisa halikunipa hata moja. Kwako, mwaka mmoja tu."

Mama hakuwa na kijicho hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa anamsifu. Lile ua alilolituma limsemee lilikuwa limesema, na lilikuwa limesema kinyume chote.

Majirani waliona juu ya ukuta, wakaanza kuja. Wale wale waliouliza habari za nyoka sasa walisema walijua tangu mwanzo kwamba mzee ana jambo lake. Mama Mapacha aliwapokea mmoja mmoja, akawaonyesha, akasema, "Kazi ya mzee huyo. Mimi nimekaa tu." Kila aliposema hivyo Mkasi aliingia jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Adhuhuri majirani wakaisha, akaja Redio. Aliliona waridi, akapiga kofi.

"Loo! Kaka yangu! Hili si ndilo lile la wifi lililogoma kwa mama?" Akavuta kigoda, akakaa. "Haya mambo ya mkono watu hubisha, lakini yapo. Marehemu mama alisema. Wifi, usinielewe vibaya, Mungu alikupa cherehani, hakukupa udongo."

"Kweli kabisa," Mama Mapacha alisema. "Nikipanda jiwe..."

"Litanyauka!" Redio alimalizia, na wawili wale wazee walicheka pamoja kama walivyozoea kwa miaka thelathini.

"Acheni," Mkasi alisema.

Walimtazama. Alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili.

"Acha unyenyekevu, kaka, sifa yako ni..."

"Nyamaza kidogo, dada." Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Aliweka vikombe chini, kwenye jiwe la ngazi, akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha mkewe, magoti yakalia yote mawili. "Waridi lako halikuwa na kasoro. Mkono wako haukuwa na kasoro. Ni mimi nilikuwa nikilikata."

"Najua ulikuwa unalikata," mama alisema. "Nilikuwa nakushikia taa."

"Hili halikatwi. Huchanua kwenye tawi la mwaka jana. Tawi jipya halitoi kitu. Kila mwaka lilikuwa linaingia kwenye baridi na maua yake tayari mwilini, na kila mwaka nayatoa, nayatia kwenye toroli, naenda kuyatupa. Ungelipanda ukaniacha mimi nje ya uzio, lingefunika nyumba ya mama. Wewe uliotesha. Mimi ndiye niliyekausha, miaka tisa, halafu nikakuita wewe mkavu mbele za watu."

"Makubwa," Redio alisema kwa sauti ndogo.

Mama Mapacha aliangalia ukuta, halafu mikono yake iliyokuwa mapajani, viganja juu. Halafu akauliza, "Umejua lini?"

Kulikuwa na mlango hapo. Mkasi aliuona uko wazi. Angeweza kusema leo, angeweza kusema wiki hii, na nani angekwenda kumuuliza Mama Miche?

"Huu ni mwaka wa nne," alisema.

Mama alifumba macho. Mkono ulikwenda kifuani, na Mkasi akaruka kuushika, lakini mama aliusukuma mkono wake.

"Usiniangalie moyo. Moyo upo." Alikaa hivyo, macho yamefumbwa. "Miaka tisa ya mkasi nakusamehe. Nimeshakusamehe, hukujua, na aliyekufundisha hakujua. Maneno ya jiwe nayo nilishayazoea. Lakini mwaka juzi binti yako alipomaliza kujenga, alinipigia simu. Alisema, mama, njoo unipandie mti wa kwanza hapa langoni, nataka uwe wa mkono wako. Nilimjibu nini?"

Mkasi aliokota ua lililoanguka, akaligeuza vidoleni.

"Ulikuwa umekaa hapo jikoni unachambua maharage. Ulisikia. Nilimjibu nini?"

"Ulisema mwambie mama mkwe wako."

"Nilisema mwambie mama mkwe wako, mimi nitakukaushia. Akalia kwenye simu. Akasema hata ukikauka. Nikakataa. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaendelea kuchambua maharage."

"Niliendelea," Mkasi alisema, na sauti ikamvunjika, akalia pale alipochuchumaa, mzee mzima, kamasi na yote. Mama Mapacha hakumbembeleza.

"Wifi," Redio alijaribu, "mambo ya zamani haya, sisi tulikuwa tunachekesha tu. Mimi hata sikumbuki nilisema nini."

"Najua hukumbuki. Nenda nyumbani, wifi yangu. Siku yako itakuja, nitakuita mwenyewe. Leo si zamu yako."

Redio aliondoka, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule alipita nyumba nne bila kuingia hata moja.

Walibaki wawili. Nyuki walikuwa wengi kwenye waridi, wanasikika. Mkasi alijifuta uso kwa kiganja cha udongo, akauharibu zaidi. Alitaka kuomba msamaha, akaona neno lenyewe ni dogo, akaliacha. Mama Mapacha alikuwa akitazama kipande cha ardhi chini ya dirisha la jikoni, hatua tatu kwa mbili, ambacho Mkasi alikuwa amekilima wiki ile na bado hajakipanda kitu.

"Pale unataka kutia nini?"

"Sijaamua. Nina mbegu zimebaki."

"Zilete."

Alileta makopo, akayapanga mbele ya miguu yake. Mama aliyafungua moja moja, akanusa, akachovya kidole.

"Hizi huota baada ya muda gani?"

"Hizo za njano, siku kumi. Wiki mbili zikichelewa."

"Na hizi?"

"Hizo ndizo za zambarau, za kwenye mawe. Hizo zina ganda gumu. Hazioti mwaka huu. Hulala udongoni mpaka mvua za mwaka ujao, nyingine mpaka za mwaka wa pili." Alijikaza. "Mama Mapacha, chukua za njano. Utaziona."

Mama alifunika kopo la njano, akalisogeza pembeni kwa mguu. Akachukua la zambarau.

"Nishike niinuke."

Alimshika. Walitembea hatua kwa hatua mpaka chini ya dirisha, na mama akasema anataka kushuka chini, si kuinama, kushuka. Ilichukua muda. Mkasi alimtandikia gunia, akamteremsha goti moja, halafu la pili, mpaka akakaa vizuri kwenye udongo.

"Usifukie sana," Mkasi alisema. "Unafanya hivi kwa kidole, kina cha kucha, halafu unaacha..."

"Baba Mapacha."

"Naam."

"Geuka."

Aligeuka. Alisimama ameutazama ukuta wa jirani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alisikia kopo likifunguliwa. Alisikia mbegu zikimwagika kiganjani, nyingi mno kwa mara moja, alijua kwa mlio tu, akauma mdomo wake. Halafu kimya kikawa kirefu hata akaogopa, akaiba jicho.

Mama Mapacha alikuwa hajamwaga kitu. Alikuwa ameuingiza mkono wote udongoni na mbegu zake ndani ya ngumi, mpaka kwenye kifundo, na ameuacha humo humo, kana kwamba mkono wenyewe ndio unaopandwa kwanza.